Nimelipa nipate ushauri, nikapewa kalamu za rangi

SWALI: Shikamoo mama. Nakuandikia kutoka Tanga. Nina miaka 36, nina mume na watoto wawili. Mwaka jana nilifiwa na mama mzazi baada ya kumuuguza nyumbani kwangu miaka mitatu. Tangu tuanue tanga sijawa sawa. Usingizi unakatika saa nane za usiku, kooni kuna kitu kama tonge lililokwama, na watoto nawafokea kwa jambo dogo. Hospitali nimepimwa vipimo vyote, sina ugonjwa, nikaelekezwa kwa mwanasaikolojia. Nimeshakwenda mara nne. Mama wa watu ni mpole, lakini hanishauri kitu. Nikimuuliza nifanyeje, ananiuliza mimi naonaje. Mara ya tatu alinipa kalamu za rangi na karatasi ya manila, eti nichore hicho kinachonikaba. Mara ya nne akaleta udongo. Nikafinyanga kikombe, kile cha uji wa mama, halafu nikakiponda, muda ukaisha nikaondoka. Kaka yangu ndiye anayenilipia. Anasema tunatupa hela, kuchora hata watoto wa chekechea wanachora, bora nisome dua nimwachie Mungu. Mama, hii ni tiba kweli au nachezewa?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Najua pole za watu zimeshakuchosha, lakini yangu ndiyo kwanza inafika.

Ndiyo, ni tiba. Ina jina, ina waasisi, na ina zaidi ya miaka 80 ya kutumiwa na kubishaniwa. Kama huyo mama anaifanya vizuri, hilo ni swali jingine, na mimi niliye huku Dar siwezi kulijibu. Ila naweza kukuonyesha namna ya kulijibu mwenyewe ukiwa umekaa mbele yake.

Nadhani nusu ya ugomvi wako na kaka yako imeletwa na jina. Huduma hii tumeiita ushauri nasaha. Hebu yatazame hayo maneno: ushauri ni mtu kukuelekeza, na nasaha ni hivyo hivyo. Tumemwahidi mtu jambo moja mara mbili. Sasa anakwenda, anakaa saa nzima, anatoka hana ushauri wala nasaha. Akidai hela yake nani atamlaumu? Wengine siku hizi wanasema tiba ya mazungumzo. Ni afadhali, ingawa nalo halimwenei mtu aliyefinyanga kikombe bila kusema neno.

Nasaha lakini unazo. Hebu kumbuka ulizopewa tangu siku ile ya msiba. Jikaze, una watoto. Kazi ya Mungu haina makosa. Mama kapumzika, alikuwa anateseka. Usimlilie sana, unamzuia njia. Kuna hata moja uliyoikosa? Zote zimesemwa kwa mapenzi na nyingine ni za kweli kabisa, na bado saa nane za usiku macho yako kodo. Mtu aliyekwisha kushauriwa na ukoo mzima akija kwangu, mimi nikaongeza nasaha ya arobaini na moja, nitakuwa nimemsaidia nini?

Aliyeitengeneza njia hii ya kumsikiliza mtu bila kumpa nasaha anaitwa Carl Rogers, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1902. Alianza kwa kusomea dini katika seminari mjini New York, kisha akahamia saikolojia (mwambie kaka yako, huenda likampunguzia shaka). Kuanzia 1928 alifanya kazi miaka 12 katika mji wa Rochester, kwenye kituo cha watoto waliowashinda wazazi wao. Ameisimulia mwenyewe habari ya mama mmoja aliyekuwa na mtoto mtukutu kupita kiasi. Rogers na wenzake walikwisha kuamua kwamba kiini ni mama: alimkataa mtoto tangu mdogo. Kikao baada ya kikao Rogers akawa anamsogeza taratibu ili aione kasoro yake. Mama haoni. Mwisho Rogers akakubali kwamba wamejitahidi na wameshindwa, wakapeana mikono waachane.

Mama akafika mlangoni, akageuka. Akauliza: hapa huwa mnapokea na watu wazima?

Akarudi kitini, na safari hii yakamtoka ya ndoa yake iliyokuwa inamfia mkononi, na namna alivyojiona ameshindwa maisha. Hakuna hata chembe ya yale maelezo safi aliyokuwa akiyatoa wiki zote. Tiba hasa ilianzia hapo, na ilifanikiwa kwa mama na kwa mtoto. Rogers anasema siku ile alijifunza kwamba anayeumwa ndiye anayejua panapouma na njia ya kupita, na kwamba yeye mtaalamu, kama hana haja ya kuonyesha ubingwa wake, ni heri amfuate.

Mwaka 1942 alitoa kitabu kilichowakera wengi, maana humo mtu hakuitwa tena mgonjwa, aliitwa mteja. Kwa Kiswahili neno hilo halijatulia. Mteja wetu ni mnunuzi dukani, au ni yule ambaye simu yake haipatikani kwa sasa, na ukilikata kichwa likabaki teja ndiyo balaa kabisa. Hata hivyo tunalitumia, kwa sababu mgonjwa hulala akasubiri kutibiwa, na mteja anaruhusiwa kuuliza anachokilipia, kama unavyouliza wewe.

Mwaka 1957 akaandika makala akitaja masharti sita ambayo mtu hawezi kubadilika bila hayo. Nakuachia matatu tu yanayomhusu mtaalamu. La kwanza ni kuwa mkweli, asijivike uso ambao si wake. Mimi niliwahi kumkatiza mteja nikamwambia, samahani, nimepoteza uzi, sijui uliposema kaka alikuwa kaka yupi. Akacheka, akasema hata yeye kaupoteza, na tangu siku ile akaacha kunipamba kwa maneno. La pili ni kumkubali mtu bila masharti. Hapa watu hukosea wakadhani ni kukubali kila alifanyalo. Unaweza kuniambia ulimpiga mtoto, nami nisilipende pigo hata kidogo, bado nisikupunguzie heshima yako ya mtu. La tatu ni kumwelewa mtu kwa kuona kama anavyoona yeye, nalo nalieleza kwa methali yetu: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtaalamu wa mkondo huu kazi yake kubwa ni kuulizia kunguni. Wako upande gani, wanauma saa ngapi, umeshawazoea au bado. Na yeye akumbuke muda wote kwamba kitanda si chake, kwa maana akianza kujikuna pamoja na wewe mmekwisha wote wawili.

Hapo ndipo linapotoka lile swali la kurudishiwa linalokuudhi. Liko la aina mbili. La kwanza ni la kasuku. Unasema nimechoka, anajibu naona umechoka. Unasema nifanyeje, anajibu wewe unaonaje. Rogers mwenyewe uzeeni alikuwa anaona haya namna njia yake ilivyogeuzwa mchezo huo. Aina ya pili ni mtu aliyekusikiliza mpaka akasikia ulilolipita mbio, akalirudisha hilo. Umesema miaka mitatu. Miaka mitatu usiku ulikuwa unalalaje? Swali la namna hiyo halikukwepi, linakukuta.

Sasa tuje kwenye kalamu za rangi. Carl Rogers alitumia karibu umri wake wote akisikiliza maneno ya watu waliokaa kitini. Binti yake, Natalie Rogers, naye mtaalamu wa fani hiyohiyo, akaona wako watu ambao maneno ndiyo uchochoro wao wa kujificha. Mwaka 1984 alianzisha chuo huko California, akafundisha kuunganisha kitu kimoja na kingine: mtu aanze kwa kuutikisa mwili, kutoka kwenye mwili achore, kutoka kwenye mchoro aandike, na kila hatua ifungue inayofuata. Misingi ni ile ile ya baba yake. Kilichoongezeka ni milango.

Wewe habari ya ugonjwa wa mama umeshawasimulia wangapi? Madaktari, mashangazi, majirani, walimu wa watoto. Hadithi imeshakomaa. Ina mwanzo na mwisho, unaweza kuisema huku unachambua mchicha na chozi lisitoke. Mdomo umeikariri. Mkono haujaikariri, na ukipewa udongo unaweza ukafanya jambo ambalo mdomo haujapewa ruhusa.

Na si wazo la huyo mama wa Tanga peke yake. Mchoraji wa Kiingereza, Adrian Hill, alilazwa kwa kifua kikuu mwaka 1938, enzi ambazo dawa ya ugonjwa huo haikuwapo na mtu alilala miezi akitazama dari. Akaanza kuchora vilivyokuwa karibu na kitanda, kisha akawavuta wagonjwa wenzake nao wachore. Yeye ndiye anayetajwa kuipa kazi hii jina la tiba kwa sanaa, mwaka 1942. Kwa watoto, Virginia Axline, aliyefanya kazi pamoja na Rogers, alichapisha mwaka 1947 kitabu cha tiba kwa michezo, maana mtoto hawezi kukueleza kwamba nyumbani kuna vita, ila mpe wanasesere uone nani atafungiwa kabatini.

Shika hili moja hata kama mengine utayasahau. Mchoro haufasiriwi na mtaalamu. Atakayekutazamia karatasi yako akakuambia nyeusi ni huzuni, nyekundu ni hasira, mti usio na majani ni upweke, huyo anapiga ramli, hata kama ukutani ana vyeti. Nilikuwa na mteja aliyejaza karatasi nzima rangi nyeusi. Nilimuuliza ni nini. Akasema ni baibui la bibi yake, ambamo alikuwa anaingia utotoni ngurumo zikipiga. Ilikuwa karatasi ya raha kuliko zote alizowahi kunichorea.

Mimi udongo sina mkono nao. Nimekulia pwani kati ya wanawake, kwa hiyo natumia kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na jina ndilo linalonipatia mkate. Kwetu watu wamesemeshana kwa kanga miaka na miaka bila kufungua mdomo: wifi kwa wifi, jirani kwa jirani, mke kwa mume aliyerudi amechelewa. Namkatia mteja karatasi umbo la kanga na kumwambia: huyu unayemuwaza, kama ungejifunga kanga leo ukapita mbele yake, ungetaka asome nini?

Nikupe mfano, nimechanganya habari za watu kadhaa ili asijulikane yeyote. Mwanamke alikuwa amemuuguza mama mkwe wake muda mrefu. Kanga ya kwanza akaandika: SHUKRANI ZANGU KWAKO MAMA MWEMA. Nikamuuliza kama angeivaa. Akasema hapana, hiyo angeiweka sandukuni. Ya pili: MUNGU NDIYE SHAHIDI WA NILIYOKUTENDEA. Hiyo angeivaa, akasema, lakini siku wakija mawifi. Tukacheka sana. Kikao kilichofuata aliandika ya tatu akaigeuza kifudifudi mezani, akaweka kiganja juu. Tukakaa kimya. Kimya kile kilikuwa kirefu, mpaka feni la chumbani nikalisikia linavyolia. Halafu akaigeuza.

NILICHOKA MAMA, SIKUKUCHUKIA.

Sikusema kitu, na hakukuwa na haja. Akachukua kalamu akaanza kujaza pindo, korosho moja moja, huku ananieleza usiku wa mwisho: alivyoisikia sauti ikimwita kutoka chumba cha pili, akajifanya amelala, robo saa tu, kisha akainuka akaenda. Ile robo saa alikuwa ameibeba peke yake. Hakuna nasaha duniani ambayo ingeifikia, kwa sababu hakuna mtu aliyejua kwamba ipo.

Najua umeisoma hadithi hii ukiwa umejishika kooni. Inawezekana haikuhusu hata kidogo. Watu wengine wakimaliza kuuguza hubaki na hasira kwa ndugu ambao hawakusaidia, wengine hubaki hawajui asubuhi wafanye nini kwa kuwa saa zao zote zilikuwa za mgonjwa, wengine ni kumkosa mama tu, basi. Mimi nikikuambia lako ni lipi nitakuwa nimekaa kwenye kiti cha Rogers kabla yule mama hajageuka mlangoni.

Kaka yako umwambie hivi: dua na hiki havigombanii nafasi. Wazee wetu kwa msiba walijipanga vizuri kuliko hospitali nyingi ninazozijua. Mfiwa haachwi alale peke yake, hapiki, hachoti maji, watu wanatandika mikeka na kumsikiliza akisema jambo lile lile mara ishirini. Wanasaikolojia wangeitoza pesa kazi hiyo. Lakini tanga likishaanuliwa, mikeka inakunjwa, masufuria ya kuazima yanarudi kwa wenyewe, na wewe unabaki na chumba chenye kitanda cha mgonjwa ambaye hayupo. Mtu anaweza kusoma dua yake alfajiri na saa kumi jioni akaenda kikaoni, na wapo wateja wangu wanaofanya hivyo miaka yote.

Tena si kweli kwamba mambo ya kuchora ni ya Wazungu watupu. Kusini mwa Afrika, katika miaka ya 2000, waliokuwa wakiwahudumia watoto waliofiwa na wazazi kwa UKIMWI waligundua jambo baya: mtoto akihimizwa kusimulia msiba wake na kusimulia tena, alikuwa anaondoka ameumia zaidi ya alivyokuja. Ncazelo Ncube, mwanasaikolojia kutoka Zimbabwe, akishirikiana na David Denborough wa Australia, akatunga zoezi la Mti wa Uhai. Mtoto anachora mti. Kwenye mizizi anaandika alikotoka, ukoo, nyimbo za nyumbani. Ardhi ni maisha ya kila siku. Shina ni anachokiweza. Matawi ni matumaini. Majani ni watu wake wa maana, na jani linaweza kuwa la mtu aliyekufa. Matunda ni zawadi alizopewa na watu, nazo si lazima ziwe vitu. Kisha miti yote inabandikwa ukutani pamoja ikawa msitu, na hapo tu, mtoto akiwa ameshaegemea mti wake, ndipo wanazungumza juu ya dhoruba. Mkondo huo si ule wa Rogers, tuseme ni binamu. Nami naukopa waziwazi kwa watu wazima. Huyo mama wa Tanga naye huenda atakuletea, usishangae.

Sasa upande wa pili, maana sitaki uone nauza bidhaa.

Njia hii haiponyi kila kitu, na ushahidi wa kisayansi kuhusu michoro na udongo ni mwembamba kuliko ule wa mazungumzo. Ziko tiba nyingine zenye hatua na kazi za kufanya nyumbani, nazo zinafanya kazi. Harare kuna mabibi waliofunzwa kukaa na watu kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasaidia kupanga tatizo moja moja. Mradi huo uliasisiwa na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kwa watu 573 ulionyesha baada ya miezi sita waliokaa na mabibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwa Kishona tatizo lenyewe huitwa kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Wewe ungesema una mawazo, na ungeeleweka kuanzia Tanga hadi Kigoma. Kwa hiyo kaka yako akitaka mtu wa kukupa hatua, hajakosea sana. Ni haki yako kumwambia mtaalamu wako kwamba unataka kitu cha kushika kuhusu usingizi, kwa mfano, huku mengine yakiendelea.

Kuna na mambo ambayo kalamu za rangi hazifai kabisa kutangulizwa. Hukuandika kama umewahi kutamani kufa, au kumfuata mama. Nakuuliza mimi. Kama jibu ni ndiyo, usisubiri kikao cha tano, mwambie mumeo leo hii na mwende hospitali kuonana na daktari wa afya ya akili. Ni vivyo hivyo ukisikia sauti wasizozisikia wengine, ukishindwa kula siku nyingi, au ukiona unatafuta pombe au vidonge ili ulale. Na lile tonge: madaktari wanalijua, huwapata watu wengi wenye huzuni na wasiwasi, na vipimo vikiwa safi si la kutisha. Lakini chakula kikianza kugoma kupita, au ukikonda bila sababu, rudi upimwe tena, usiambiwe ni mawazo tu. Jambo jingine: mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika 2022 umeweka maombolezo yaliyogoma kuisha kuwa ni tatizo lenye jina lake, iwapo yamepita miezi sita na yanamzuia mtu kuishi, na yamezidi yale ambayo jamii yake inayaona ya kawaida. Sisemi unalo. Nasema mtaalamu wako anapaswa awe ameshalifikiria, na ukimuuliza atoe jibu la maana.

Utamjuaje kama ni mzuri? Mimi ningeanza na alivyokuletea ile karatasi. Alikuuliza kama unapenda kujaribu, na ungesema sitaki angekubali? Tiba ya kumlazimisha mtu kuchora ni kichekesho, inajengwa juu ya hiari ya mtu halafu inaanza kwa kumnyang'anya hiyo hiari. Ulipomaliza alikuuliza unaona nini, au alikwambia anaona nini yeye? Michoro yako inakaa wapi? Hiyo ni siri kama lilivyo faili la hospitali, na akiipiga picha bila ruhusa yako akaiweka kwenye status, hata kama jina hakuandika, ondoka usirudi. Mmewahi kukubaliana mtakutana mara ngapi kabla ya kukaa na kutazama kama kuna mabadiliko? Sisi huwa tunafanya hivyo baada ya vikao vinne mpaka sita, kwa hiyo umefika. Na muulize yeye husimamiwa na nani. Mtaalamu anayejua kazi ana mwenzake mkubwa wa kumpelekea kesi, bila kutaja majina, ili asipotee. Akiona umemvunjia heshima kwa swali hilo, umeshapata jibu.

Kipimo kikubwa kuliko vyote lakini ni kimoja, na kinaogopesha. Mwambie yale uliyoniandikia mimi. Keti, usianze na habari za wiki, sema: "Mama, naomba nikuambie kitu. Nakasirika ukinirudishia maswali. Na kaka ananiambia tunatupa hela, nami sijui nimjibu nini." Malezi yetu yanakataza, najua. Mtu amekuzidi umri, ana elimu, umwambie amekuudhi? Ndiyo maana ina thamani. Mtaalamu wa mkondo huu akiisikia sentensi hiyo hufurahi, kwa sababu huenda ndiyo mara ya kwanza tangu msiba unasema jambo bila kumlinda anayekusikiliza. Atataka kuijua hiyo hasira, atakueleza kwa nini anafanya anavyofanya, na huenda akabadilisha. Akijitetea, akikununia, au akikuambia wewe ndiye hujafunguka vya kutosha, basi tafuta mwingine bila kinyongo.

Kuhusu hela niseme kidogo. Anayelipa hutaka aone alichonunua, ni kawaida ya binadamu, na kaka yako anakupenda ndiyo maana anatoa. Lakini ukijua kwamba jioni utaulizwa "leo mmefanya nini?", mchana kikaoni utachora kitu kinachosimulika. Muombe akulipie bila kuulizia ya ndani. Akikataa, bora uende kila baada ya wiki mbili kwa hela yako mwenyewe, na mtaalamu wako umwambie hali, wengi hupunguza.

Nimemaliza maswali yako, limebaki langu. Umeniandikia barua ndefu na kila jambo umelieleza. Kilio cha kaka, vipimo vya hospitali, upole wa yule mama. Kikombe cha uji umekipa mstari mmoja. Ulikifinyanga, ukakiponda, muda ukaisha. Sikuulizi mimi, mimi si mtu wa kuuliza hayo kwa barua. Ila ukienda safari ijayo, ukishakwisha kumwambia hayo ya hasira, muulize ule udongo ameuweka wapi. Wafinyanzi wakiwa hawajamaliza kazi huufunika kwa kitambaa kibichi na kuufunga kwenye nailoni, ili kesho ukute bado unakubali mkono.